Nimechoka kuibiwa video za ngoma. Hivi hii wotamaki (watermark, alama ya mwenye kazi) isiyoonekana inafanya kazi kweli au ni stori tu?

KameraYaUgogo (Nkuhungu, Dodoma)

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mpiga picha na video hapa Dodoma, harusi, sendofu, kipaimara, hata misiba tukiitwa tunaenda. Alafu pembeni kwa mapenzi yangu tu huwa nachukua bodaboda nakwenda vijijini kurekodi ngoma zetu za Kigogo, maana naona wazee wanaondoka nazo. Sasa mwezi wa saba baada ya mavuno nilikua kijiji kimoja wilaya ya Chamwino, kuna kikundi cha akina mama wanapiga muheme. Kama hujawahi kuuona, ni zile ngoma zilizobana kiunoni, mama anaibana kwenye mapaja anapiga kwa viganja, wakishachanganya kumi na mbili pale vumbi linapanda mpaka lenzi inaomba poo. Nikapata dakika 11 safi kabisa, jua linazama nyuma yao, sijawahi kupata kitu kama kile.

Nikaposti dakika tatu tu na logo yangu kona ya chini kulia kama kawaida. Wiki mbili baadae naona ukurasa mmoja mkubwa wa Instagram, siutaji, wameikropu kona ya chini logo ikaenda na maji, wakaweka logo yao KATIKATI. Watu wanawapongeza kwa kutunza utamaduni. Nimewaandikia meseji nne wamesoma wamenyamaza.

Hiyo nilimeza. Kilichoniuma ni hiki, juzi nimepanda basi la Kondoa, kwenye tivii ya basi nakuta dakika zote 11 zinapigwa, ile nzima ambayo SIKUWAHI kuiposti popote. Abiria wanatikisa vichwa mimi jasho linanitoka. Ina maana kuna kopi niliyompa mtu imevuja, na nilitoa nne tu, tena zote zinafanana kama mapacha, nitamkamata nani sasa?

Nimesikia kuna wotamaki ya kidijitali isiyoonekana kwa macho. Mwenye uelewa aje anifafanulie kwa Kiswahili cha kawaida, mimi shule yangu ya kompyuta ni kuediti tu.

mzukawapembeni

Nimevuta kigoda na karanga zangu. Ila kaka na wewe logo ya kona ni kama kufunga nyumba kwa kamba ya katani. Endelea.

Mwana_Msalato

Mimi kompyuta sijui ila mifugo naijua na naona mnaongelea kitu kilekile. Baba yangu ng'ombe wake walikua wanachanjwa sikio, kila ukoo na mkato wake, wengine wanatoa pembe tatu ncha ya sikio, wengine wanapasua chini. Ng'ombe akipotea akaonekana mnadani Msalato mzee anaangalia sikio tu anasema huyu wa kwa fulani. Sasa mwizi mjanja anafanyaje, anaongeza mkato juu ya mkato wako ili usomeke vingine. Au anakata sikio lote, lakini ng'ombe asiye na sikio sokoni kila mtu atamuuliza maswali na bei inashuka.

Hizi hereni zilizokuja siku hizi nzuri, zina namba, ila hereni inachomolewa bana. Kwaiyo mimi nauliza, hiyo alama yenu ya kwenye video ni hereni au ni sikio?

Mstaafu_Kikuyu

Vijana, hiyo kitu si ngeni. Mimi nimefanya kazi ya uchapaji miaka mingi. Jina lenyewe limetoka kwenye karatasi. Waitaliano wa mji wa Fabriano ndio walioanza kuweka alama hizo karne ya 13, walikuwa wanafunga waya wenye umbo fulani kwenye kile kichujio cha kutengenezea karatasi, pale penye waya karatasi inakuwa nyembamba zaidi, ukiiinua kwenye mwanga unaona umbo. Toa noti mfukoni uielekeze juani, utaona sura ndani yake, ukiilaza mezani inapotea. Mwenye kughushi anaweza kuiga wino na rangi, lakini ile sura imezaliwa pamoja na karatasi.

Nadhani ndilo jibu la huyo bwana wa ng'ombe.

BitiNaNukta

Mzee wangu Mstaafu shikamoo, umenirahisishia kazi. Mimi nimesoma mambo haya pale Chuo Kikuu cha Dodoma na bado nayachezea jioni jioni.

Mwana_Msalato swali lako ndo lenyewe. Logo ni rangi uliyompaka ng'ombe ubavuni. Hereni ni zile taarifa zinazokaa kwenye kichwa cha faili, jina la kamera, tarehe, jina lako kama uliliandika, na ukituma picha WhatsApp kama picha ya kawaida zinafutwa, hakuna hata haja ya mwizi. Sikio ni hii tunayoongelea, alama iliyo ndani ya picha yenyewe.

Sasa iko hivi. Kila pikseli, yani kale kanukta kamoja ka picha, ina rangi tatu, nyekundu kijani na bluu, na kila rangi ni namba kati ya 0 na 255. Kijani ikiwa 200 ukaifanya 201 hakuna binadamu atakayeona. Njia ya kitoto kuliko zote ni kuficha ujumbe kwenye hiyo tofauti ya moja. Fremu moja, yani picha moja kati ya zile zinazounda video, ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, zidisha kwa rangi tatu unapata nafasi zaidi ya milioni 6 za kuandika sifuri au moja, humo unaficha kitabu. Watu wengi wanaoleta mbwembwe mtandaoni kwamba wana wotamaki wanafanya hii. Tatizo ni kwamba ukiibana hiyo picha mara moja tu imekwisha. Ni kuandika jina lako kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha gari, Dodoma, mwezi wa nane. Upepo mmoja.

Kwanini inafutika? JPEG, ule mfumo wa kubana picha, inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kila kipande inakigeuza kuwa namba 64. Namba ya kwanza inasema hapa kwa ujumla pana mwanga kiasi gani. Zinazofuata zinabeba mabadiliko mapana, mfano pale anga linapokutana na mlima. Za mwisho mwisho zinabeba vitu vidogo vidogo kama nyuzi za kitenge. Alafu inazikandamiza hizo za mwisho maana jicho haliziwazii, ndo faili linakua dogo. Video nazo zinabanwa kwa mawazo hayohayo, zaidi na zaidi. Kwaiyo ukificha alama kwenye nyuzi za kitenge inatupwa na takataka, ukiificha kwenye mlima kila mtu anaiona.

Mwaka 1997 Ingemar Cox na wenzake watatu walitoa andiko ambalo mpaka leo sisi wote tunakula humo. Wakasema acheni kujificha uchochoroni, wekeni alama palepale penye uzito, kwenye zile namba kubwa ambazo mtu akizichezea picha inaharibika, ila wekeni kidogokidogo sehemu nyingi. Walichukua namba 1000 za kubahatisha wakazitawanya juu ya namba 1000 kubwa kuliko zote za picha, kila moja ikasogea kidogo mno. Ni chumvi kwenye mlenda, ukishakoroga hakuna kijiko cha kuitoa. Ukitaka kuitoa umwage mlenda.

Na zile namba za kubahatisha ndo ufunguo wako. Mwenye nazo anapima anasema alama ipo, asiye nazo anaona akina mama wanacheza ngoma tu.

mzukawapembeni

mkuu BitiNaNukta hapo kwenye mlenda umenikamata kabisa, ila sasa mbona hawa wa ulaya na matekinolojia yao muvi zinavuja kila siku kabla hata hazijafika sinema? au wao hawana chumvi

BitiNaNukta

Mimi ni dada, sio mkuu 😄

Wanayo. Ila alama haizuii mtu kuiba kaka, hapo ndo watu wanakosea kuanzia mwanzo. Ng'ombe mwenye mkato sikioni anaibiwa vilevile. Kazi ya alama inaanza baada ya wizi. Mfano wanachama wa ile Academy inayotoa tuzo za filamu za Oscar walikua wanatumiwa kopi za filamu waziangalie kabla ya kupiga kura, kila kopi na alama yake. Msimu mmoja zikaonekana mtandaoni, wakasoma alama, zikamtaja mwanachama mmoja, alikua anampa rafiki yake. 2004 wakamfukuza uanachama. Kumbe hakuna aliyevunja mlango.

Na sitaki kuwadanganya kwamba haiondoki. Mwaka 2000 makampuni ya muziki yalikua na umoja wao unaitwa SDMI, wakatangaza mashindano, hizi hapa alama zetu za kwenye nyimbo, anayeweza azitoe, zawadi dola 10,000. Wiki tatu tu. Profesa Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na wenzake wakasema tumezishinda zote nne. Wakagoma hata kudai hela maana ukichukua hela unasaini kukaa kimya. Walipotaka kueleza walivyofanya kwenye mkutano wa wataalamu 2001 wakatishiwa kushtakiwa, wakajiondoa, wakaja kuieleza baadae mwaka huohuo. Tangu hapo mtu akikuuzia wotamaki anasema haitoki milele, funga pochi.

Shambulio baya kuliko yote wala sio kubana faili. Ni kuipinda picha kidogo tu, ukaizungusha nyuzi moja, ukavuta kona. Alama bado ipo ila msomaji hajui aanzie wapi kusoma, kama mtu amekupa barua kipande kipande bila mpangilio.

KameraYaUgogo na hizo logo zako za kwenye picha za harusi, usiweke ileile, palepale, kwa ukali uleule kwenye picha mia tano. 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba programu ikipewa picha nyingi zenye logo moja inaikokotoa hiyo logo yenyewe na kuifuta kwenye zote, safi. Dawa waliyopendekeza ni kuipindisha logo kidogo kila picha kivyake.

djmemori

jamani mimi ni mmoja wa mnaotuita wezi, nina banda langu maeneo ya sabasaba najaza nyimbo na muvi kwenye memori na flashi, miaka tisa sasa. naomba niseme na nyie msinirukie. mimi siibi kwenye mtandao sina bando la kuchezea. vitu vinaletwa. konda analeta flashi anasema nijazie gospo na mimi nachukua kilichomo, mwanafunzi analeta muvi, mwanakwaya analeta kwaya yake MWENYEWE anasema bro isambaze. iyo muheme ya kaka hapo juu ninayo, ina jina la faili MUHEME FULL MPYA, kuna mama alikuja nayo kwenye flashi ndogo ya kijani alikua anataka nimgawie kwenye simu za kitochi tano, zile zinazokula memori kadi. nilimfanyia 500 kila simu. sasa apo mwizi nani

KameraYaUgogo

Duh.

Kaka djmemori asante kwa ukweli lakini umeniacha njia panda, flashi zote nne nilizotoa zilikua za kijani, nilinunua pamoja pale Majengo.

mzukawapembeni

😂😂😂 flashi nne za kijani. Ndugu yangu wewe hata bila kompyuta ungenunua rangi tofauti tungekua tumemaliza kesi.

fundi_wa_sauti

Nichomekee kidogo upande wa sauti maana watu mnaongelea picha tu na video ina sauti. Kuna njia ya mwangwi, ilielezwa tangu 1996 na watu wa chuo cha MIT Marekani, unaongeza mwangwi dhaifu unaochelewa kama milisekunde moja hivi. Sikio haliwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana hivyo, linasikia sauti imenenepa kidogo basi. Mwangwi wa kuchelewa hivi ni sifuri, wa kuchelewa vile ni moja. Na sikio lina tabia nyingine, sauti kubwa inafunika ndogo iliyo karibu nayo, kwaiyo kwenye muheme una mahali pazuri sana pa kufichia, ila mtu akipiga zeze peke yake usiku kimya kimya hapo kuwa mwangalifu, utaharibu. Niliwahi kuharibu.

KameraYaUgogo

Swali kwa dada BitiNaNukta. Mwana_Msalato kasema mwizi anaongeza mkato juu ya mkato. Wale wa Instagram na wao wakiweka wotamaki yao isiyoonekana juu ya yangu, tukienda mbele ya mtu wa sheria kila mmoja ana alama, nani mwenye ng'ombe?

BitiNaNukta

Kila mtu aambiwe alete faili lake la mwanzo kabisa. La kwako lililotoka kwenye kamera halina alama ya mtu. La kwake analodai ni la mwanzo litakua na alama yako ndani. Umemmaliza. Ila mwaka 1998 kina Scott Craver walionyesha mwizi mwenye hesabu anaweza kutengeneza "la mwanzo" la uongo, anatoa alama ya kubuni kutoka kwenye faili lako alafu anadai kilichobaki ndo asili. Kwaiyo usitegemee alama peke yake. Ile kadi ya kamera usiifute, iweke kando na ndugu zake zote hata vile vipande vibovu mlivyojikwaa, mwizi hana vipande vibovu. Na kasajili kazi kwa watu wa hakimiliki COSOTA kabla ya kuposti.

Njoo inbox nikupe programu ndogo nimeiandika kwa Python (lugha ya kuandikia programu), ukirekodi tena ukitoa kopi kila mmoja umpe yenye namba yake.

KameraYaUgogo

MREJESHO (wiki sita baadae, samahanini harusi za mwezi wa tisa zimenila)

Nilirudi kijijini kulekule, akina mama walewale, wimbo mwingine, dakika 11 na sekunde kidogo tena, sijui wana saa tumboni. Safari hii nikatoa kopi tano, flashi rangi moja tena makusudi. Kila kopi ina namba yake ya biti 64, yani sifuri na moja sitini na nne, imeandikwa kwenye KILA fremu. Laptopu yangu ililia usiku kucha, feni kama mashine ya kusaga. Nikaweka kopi mbili kwenye skrini, ya asili na yenye alama, nikamuita mke wangu nikamwambia ipi ni ipi, akaniambia zote mbili umekosea rangi ya anga.

Siku ya kumi na tisa, stendi, basi la Singida, wimbo huo hapo.

Nikatoa simu nikarekodi tivii ya basi kama dakika mbili, konda ananiangalia kama chizi. Nikamtumia dada BitiNaNukta. Jibu la kwanza: haisomeki, takataka tupu. Nikakata tamaa. Mwache aendelee mwenyewe.

BitiNaNukta

Ilikua haisomeki kwasababu kairekodi kwa simu kutoka pembeni, tivii imekaa mshazari kama trapeza. Ndo lile shambulio la kupinda, tena amejishambulia mwenyewe. Nikazitafuta kona nne za tivii nikainyoosha mpaka ikawa mstatili, nikaipima upya. Fremu moja peke yake bado ilikua kelele. Lakini video ina fremu 25 kwa sekunde, dakika mbili ni fremu 3,000, na zote zimebeba namba ileile, kwaiyo nikazipigisha kura. Kila biti, fremu zinazosema moja ni ngapi, zinazosema sifuri ni ngapi, wengi wape.

Nikapata namba. Nikailinganisha na zile tano. Nne kati yake zimefanana nayo biti 29, 35, 31, 33, yani nusu nusu, ni sawa na kurusha shilingi. Moja imefanana biti 58 kati ya 64. Kwa kubahatisha tu kufikia 58 au zaidi ni nafasi moja kati ya bilioni 200 na kitu.

Kopi namba nne.

mzukawapembeni

TAJA JINA TAJA JINA. Karanga zimeisha nimehamia ubuyu.

KameraYaUgogo

Jina sitaji. Kopi namba nne nilimpa mama katibu wa kikundi. Yeye mwenyewe anaonekana kwenye video, wa tatu kutoka kushoto.

Nikaenda. Nimejiandaa njia nzima, nimepanga maneno. Nimefika nimekuta wanapura mtama, nikapewa kigoda na maji. Nikamuuliza kwa adabu, mama ile flashi ulimpa nani. Hakuficha hata kidogo. "Nimeipeleka mjini wakaitie kwenye simu zetu. Mwanangu, sisi humu nani ana bando?" Konda wa basi linalopita hapo ni mkwe wake, akaiomba, akampa.

Na mimi nimekaa hapo na biti zangu 58.

WakiliWaMtaani

Nimekuwa nasoma tu toka mwanzo na nilikuwa nasubiri mtu aulize hili, naona hakuna. Kaka KameraYaUgogo, hao akina mama ulisaini nao nini?

Maana sheria yetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na hilo neno la pili hamlitazami. Wewe una haki juu ya video uliyopiga, sawa, na huhitaji hata kusajili ili haki izaliwe, usajili unakusaidia kwenye ushahidi tu. Lakini anayetumbuiza naye ana haki zake, kurekodiwa kwake na kurekodi huko kunakilishwa ni mpaka aridhie. Na sheria hiyohiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, kwa hiyo ngoma ya Kigogo si shamba lisilo na mwenyewe. Unamfuatilia mama katibu kwa wotamaki kama mwizi wa sauti yake mwenyewe. Ukurasa wa Instagram ni kesi nyingine, hao wafuate, andika ombi la kuondolewa, nitakusaidia kulitunga bure. Ila huyu mama hapana.

Uliwalipa?

KameraYaUgogo

Soda kreti mbili na kilo ishirini za mchele. Hatukusaini kitu.

Nilidhani nawafanyia wao.

Mwana_Msalato

Kaka usijichape sana. Ila ni kweli ulimchanja sikio ng'ombe wa jirani ukamuuliza jirani mbona anakunywa maziwa.

djmemori

na mimi nimewaambia toka mwanzo ni mama na flashi ya kijani. ata hamkunisikiliza mkaenda kwenye bilioni

mzukawapembeni

djmemori wewe ndio wotamaki yenyewe

KameraYaUgogo

Mrejesho wa mwisho afu uzi uendelee kwa wenye maswali.

Jumapili nilirudi na karatasi mbili alizoniandalia WakiliWaMtaani, nikawasomea kwa Kigogo changu cha kuungaunga. Tumekubaliana, chochote kitakachoingia tunagawana nusu kwa nusu, na kopi za kwenye simu zao na za ndugu zao ni ruksa bila kuniuliza. Mama mwenyekiti hakusema neno mpaka nilipomaliza. Akataka nimweleze hiyo alama isiyoonekana. Nikamwonyesha kwenye laptopu, nikamwambia humu ndani mama kuna namba imejificha inasema hii ni kazi ya mimi. Akaangalia sana. "Na sisi tumo humo?" Nikasema hapana. "Basi tuweke."

Sasa dada BitiNaNukta hapo ndo nimekwama. Biti 64 ni herufi nane tu. Jina la kikundi chao lina herufi kumi na nne na la kwangu nalo lipo. Nikikata wataona nimewafupisha. Nikiongeza biti si itaanza kuonekana?

BitiNaNukta

Ukiongeza biti kila moja inapata kura chache, itakua dhaifu kwenye tivii za basi. Usiweke majina kabisa. Weka namba tu, kila wimbo na kila kopi namba yake, alafu majina yote marefu unavyotaka yaandike kwenye daftari, namba hii ni wimbo huu, waliopiga ni hawa, aliyerekodi ni huyu, kopi kapewa fulani. Ukisoma alama unafungua daftari. Daftari ndo mali sasa, lisipotee na asilichezee mtu.

KameraYaUgogo

Nimempigia mama mwenyekiti nimemweleza. Kakubali namba. Kasema daftari likae kwake.